Mlimani: Chuo Kilichoanzia Nyumba ya TANU

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Majengo hayakuwepo, lakini Mwalimu Nyerere hakutaka kusubiri. TANU ikatoa jengo lake la Mtaa wa Lumumba, na humo Kitivo cha Sheria kikawapokea wanafunzi wasiofika 15. Miongoni mwao alikuwamo Julie Manning, mwanamke wa kwanza kusoma sheria chuoni, ambaye baadaye alikuwa jaji na kisha Waziri wa Sheria. Shahada zilikuwa za London, mkuu wa chuo alikuwa Cranford Pratt wa Kanada, lakini paa lilikuwa la wananchi. Fadhila hiyo hatutaisahau.

Mwaka 1963 tuliungana na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 tukahamia Mlimani. Ndipo ukasimama Ukumbi wa Nkrumah, fahari yetu, ambao picha yake ilikuja kupamba noti ya shilingi 500. Enzi hizo mijadala ilianzia darasani, ikaendelea mezani kwenye kafeteria na kukesha mabwenini. Walter Rodney alifundisha hapa. Yoweri Museveni alisoma hapa. Mwaka 1966 suala la Jeshi la Kujenga Taifa liliwatenga wanafunzi na Serikali kwa muda, na wengi walirudishwa nyumbani. Chuo kilivuka, kikakomaa.

Tarehe 1 Julai 1970 tukawa chuo kikuu kamili, Mwalimu akiwa Mkuu wa Chuo na Pius Msekwa Makamu wake. Hapa pia ilikuwapo TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyolipa taifa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981.

Yaliyofuata ni mengi: Kitivo cha Kilimo cha Morogoro kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine (1984); kipindi kigumu cha 1990, tulichokipita kwa subira; vyuo vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa (2005); Muhimbili na Ardhi kujitegemea (2007); hosteli mpya (2017); maktaba mpya (2018).

Wahitimu wenzangu, tulisomeshwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi. Kila mmoja wetu amlipie ada walau mtoto mmoja wa mkulima, naye apande Mlimani kama tulivyopanda sisi. Hekima ni Uhuru.