Kumbukumbu na nyuzi katika seva ya utafutaji yenye faharasa nyingi

Kurekebisha kumbukumbu na nyuzi (mikondo ya kazi inayoendeshwa sambamba) katika seva ya utafutaji ni kazi ya kugawa RAM na nguvu za prosesa ili maombi ya watumiaji yajibiwe haraka bila seva kuzidiwa. Seva inapobeba faharasa moja kubwa, kazi hiyo si ngumu sana. Inapobeba mamia au maelfu ya faharasa ndogo ndogo, huwa mtihani. Kila faharasa, hata iliyo tupu, hudai haki yake: faili zilizofunguliwa, maelezo ya muundo wake yanayokaa kwenye RAM, na nafasi katika foleni ya kazi. Fundi asiyelijua hilo hukimbilia kuongeza RAM na nyuzi, ilhali mara nyingi dawa ni kupunguza idadi ya faharasa zenyewe.

Programu tatu maarufu katika uwanja huu, Solr, Elasticsearch na OpenSearch, zote zimejengwa juu ya Lucene, maktaba ya Java ambayo Doug Cutting aliianza mwaka 1999. Solr ilianzishwa na Yonik Seeley mwaka 2004 katika kampuni ya CNET, Elasticsearch ikatolewa na Shay Banon mwaka 2010, na OpenSearch ikachipuka kutoka Elasticsearch mwaka 2021 baada ya leseni kubadilishwa. Anayeelewa jinsi Lucene inavyotumia RAM ameshaelewa nusu ya tabia za zote tatu.

Lucene huandika faharasa kwa segmenti, yaani mafungu ya faili ambayo yakishaandikwa hayabadilishwi tena. Hati mpya huingia kwenye segmenti mpya, hati iliyofutwa huwekewa alama tu, kisha segmenti ndogo huunganishwa kuwa kubwa wakati seva ikiendelea na kazi nyingine. Kwa kuwa faili hizo hazibadiliki, Lucene haijisumbui kuzinakili kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Huziegemeza moja kwa moja kwenye anwani za kumbukumbu na kuuachia mfumo endeshi kazi ya kuamua kurasa zipi zibaki kwenye RAM na zipi ziondoke. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. RAM inayoonekana haina kazi, ile ambayo programu haikutengewa, ndiyo inayohifadhi kurasa za faharasa na kuokoa safari za kwenda diskini.

Upande wa pili ni hipu, eneo ambalo mashine ya Java hutengewa kwa ajili ya vitu vyake: maelezo ya faharasa, matokeo yanayokusanywa, hesabu za vikundi na akiba za majibu. Kanuni ya miaka mingi ya Elasticsearch ni kwamba hipu isizidi nusu ya RAM, na kiwango chake cha chini kiwe sawa na cha juu ili isipanuke na kusinyaa njiani. Kanuni ya pili humshangaza anayekutana nayo mara ya kwanza: hipu isifike gigabaiti 32. Chini ya kiwango hicho Java huelekeza vitu vyake kwa anwani fupi za baiti 4. Kwa kuwa kila kitu hupangwa kwa hatua za baiti 8, anwani hizo hutosha kufika gigabaiti 32 tu. Mpaka ukivukwa, kila anwani huwa baiti 8, vitu hunenepa, na hipu ya gigabaiti 40 huweza kubeba karibu kilekile kilichobebwa na hipu iliyo chini kidogo ya 32. Akiba ya kurasa hunyang'anywa gigabaiti nane nzima bila faida yoyote. Kwenye mashine nyingi kiwango salama ni 26, na kwenye baadhi hufika 30. Tangu toleo 7.11, Elasticsearch hupanga ukubwa wa hipu yenyewe kulingana na RAM iliyopo na kazi ya nodi (programu moja inayoendeshwa kama sehemu ya klasta, yaani kundi linalofanya kazi pamoja), na kwa wengi mpango huo hauna haja ya kuguswa.

Hipu haipaswi kabisa kuhamishiwa kwenye diski. Java inapofanya usafi wa kumbukumbu hulazimika kupita kitu kimoja baada ya kingine, na ikikuta sehemu ya hipu imetupwa diskini, usafi uliopaswa kuisha kwa milisekunde huvuta sekunde nyingi. Nodi nyingine za klasta zinaweza kudhani mwenzao amekufa. Ndiyo maana mafundi huzima kabisa uhamishaji huo, au huifunga hipu ndani ya RAM.

Wingi wa faharasa hugusa hata mipaka ya Linux. Kila faili iliyoegemezwa kwenye kumbukumbu huhesabiwa, na kwa kawaida kerneli huruhusu mchakato mmoja kuwa na maeneo 65,530 tu. Elasticsearch katika uzalishaji ilidai yasipungue 262,144, ikakataa kuwaka mpaka kigezo cha vm.max_map_count kipandishwe. Matoleo ya karibuni yanapendekeza kiwango cha juu zaidi.

Solr ina mtego wake, na unastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu huwanasa hata wazoefu. Kila faharasa katika Solr hubeba akiba zake yenyewe, ikiwemo akiba ya vichujio ambayo usanidi wa mfano kwa muda mrefu uliipa nafasi 512. Kichujio kilichohifadhiwa huhitaji, katika hali mbaya zaidi, biti moja kwa kila hati. Faharasa ya hati milioni 100 hudai baiti milioni 12.5 kwa kichujio kimoja, na nafasi zote 512 zikijaa ni gigabaiti 6.4. Hiyo ni faharasa moja. Seva yenye faharasa tano za ukubwa huo imeshaimaliza hipu ya gigabaiti 32, na aliyeisanidi hakuona zaidi ya namba 512 kwenye faili. Elasticsearch ilichagua njia tofauti: akiba ya vichujio ni moja kwa nodi nzima, asilimia 10 ya hipu, na faharasa zote hugombea humo. Kwa seva ya faharasa nyingi uamuzi huo ni wa busara zaidi. Solr nayo kwa muda mrefu iliruhusu faharasa zisizotumika mara kwa mara zifunguliwe pale tu zinapohitajika, na zilizokaa kimya zaidi kufungwa nafasi ikijaa, jambo lililowafaa sana wenye wateja wengi wadogo, kila mmoja na faharasa yake.

Kwenye nyuzi, hesabu huanzia kwenye viini vya prosesa. Elasticsearch huchukua idadi ya viini, huizidisha kwa tatu, hugawa kwa mbili na kuongeza moja. Mashine ya viini 16 hupata nyuzi 25 za utafutaji, na nyuma yake foleni ya nafasi 1,000. Foleni ikijaa, ombi linalofuata hukataliwa kwa jibu la HTTP namba 429. Anayeliona jibu hilo kwa mara ya kwanza hushawishika kuandika nyuzi 100 badala ya 25. Kuongeza nyuzi bila kuongeza viini ni sawa na kuongeza makondakta kwenye daladala moja: viti havizidi. Nyuzi 100 juu ya viini 16 hupokezana prosesa kila mara, kila moja ikishikilia matokeo yake nusunusu kwenye hipu, na maombi yote huchelewa kwa pamoja. Kurefusha foleni nako huahirisha tatizo tu, maana mwenye ombi lililosubiri sana mara nyingi ameshaondoka.

Foleni ya uandishi inaonyesha fikra ilivyobadilika. Ilikuwa na nafasi 200, kisha toleo 7.9 likaipandisha hadi 10,000. Haikuwa ukarimu wa bure. Toleo hilohilo lilianza kupima baiti za hati zinazosubiri na kukataa zinapofika asilimia 10 ya hipu. Kipimo hicho kina maana zaidi, kwa sababu ombi moja linaweza kuwa na hati moja au elfu kumi.

Wingi wa faharasa huuma zaidi kwa sababu ombi moja la mtumiaji si kazi moja. Faharasa ya Elasticsearch hugawanywa katika vipande, kila kipande ni faharasa kamili ya Lucene, na kila kipande kinachotafutwa huchukua angalau uzi mmoja kwa muda wake. Mfano unaojulikana na wengi ni wa logi. Taasisi yenye aina 10 za logi hufungua faharasa mpya kwa kila aina kila siku. Kabla ya toleo 7.0 kila faharasa ilizaliwa na vipande vitano na nakala moja ya kila kipande. Kwa mwaka hiyo ni 10 mara 365 mara 5 mara 2, yaani vipande 36,500. Ushauri wa wakati huo ulikuwa vipande visizidi 20 kwa kila gigabaiti ya hipu, hivyo seva yenye hipu ya gigabaiti 30 ilifaa vipande 600. Zingehitajika seva 61, hata kama logi zote zingetosha kwenye diski moja. Mtumiaji anayetafuta neno katika aina moja ya logi kwa mwaka mzima hugonga vipande 1,825.

Taasisi hiyohiyo ikitumia faharasa ya mwezi yenye kipande kimoja na nakala yake, mwaka mzima huwa na vipande 240, na utafutaji uleule hugusa vipande 12. Hakuna RAM iliyoongezwa wala uzi. Toleo 7.0, la mwaka 2019, lilishusha chaguo-msingi hadi kipande kimoja na kuweka ukomo wa vipande 1,000 kwa nodi. Ukubwa unaopendekezwa kwa kipande ni kati ya gigabaiti 10 na 50.

Uandishi nao huumia vivyo hivyo. Hati mpya hukusanywa kwanza kwenye asilimia 10 ya hipu, sehemu inayogawanwa na vipande vyote vinavyopokea hati. Kwenye hipu ya gigabaiti 30 ni gigabaiti 3. Vipande 300 vikiandikwa kwa wakati mmoja, kila kimoja hubaki na takriban megabaiti 10, hivyo segmenti huandikwa zikiwa changa na kazi ya kuziunganisha huongezeka.

Shirika la Wikimedia ni mfano mzuri wa hali hii ulio wazi kwa umma. Wikipedia ina matoleo katika lugha zaidi ya 300, na kila wiki, yaani kila tovuti ya aina hiyo, hupewa faharasa ya makala na nyingine ya kurasa zisizo makala. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina swwiki_content na swwiki_general, ndogo mno zikilinganishwa na za Kiingereza, lakini kwa mtunza orodha ya klasta zinahesabika sawa. Wikimedia ilianza kuhamia Elasticsearch mwaka 2013. Orodha ya vipande ilipokuwa ndefu mno na kila badiliko likawa zito kusambazwa kwenye nodi zote, mafundi wake waliigawa klasta kuwa tatu: moja ya wiki kubwa, mbili za wiki ndogo. Mashine zilibaki zilezile, kila moja ikiendesha nodi mbili za klasta tofauti. Idadi ya utafutaji unaoendelea kwa wakati mmoja ilizuiwa mapema, na huduma iitwayo PoolCounter, kabla maombi hayajafika kwenye foleni za Elasticsearch. Walikuta pia kerneli ikisoma diskini data nyingi kuliko iliyoombwa, ikizifukuza kurasa zenye kazi kutoka kwenye RAM, wakaandika programu ndogo ya kuizuia.

Tangu toleo 8.3 la mwaka 2022, kanuni ya vipande 20 kwa gigabaiti imeachwa, kwa kuwa gharama ya kila kipande kwenye hipu ilipunguzwa sana. Sasa nodi kiongozi hutakiwa kuwa na gigabaiti moja ya hipu kwa kila faharasa 3,000, na nodi za data hukadiriwa kilobaiti moja kwa kila fildi ya kila faharasa iliyomo, pamoja na ziada ya gigabaiti 0.5. Nodi yenye vipande vya faharasa 1,000, kila moja ikiwa na fildi 4,000, huhitaji hipu isiyopungua gigabaiti 4.5.