Kitimoto, tegu na kifafa: asiyekula naye hajapona

Mwezi uliopita nilikuwa Mbozi, mkoani Songwe. Kwenye banda la kitimoto nikaona nyama mbichi ina vitu vyeupe kama punje za mchele. Nikauliza, "Kaka, hii nini?" Muuzaji akacheka: "Mafuta hayo, ikipita motoni yanaisha." Mafuta wapi! Ni malengelenge, ndani yake kuna mtoto wa tegu wa nguruwe, kitaalamu Taenia solium.

Tatizo nyumba niliyofikia kuna kijana anaanguka kifafa. Familia ni Wasabato, nguruwe hawagusi kabisa. Basi majirani wanasema karogwa.

Tusikilizane, maana wengi tunachanganya hapa.

1. Ukila nyama hiyo haijaiva, unapata tegu tumboni. Anakua hadi mita kadhaa na unaweza kuishi naye miaka bila kujua.

2. Mwenye tegu anatoa mayai kwenye kinyesi. Nguruwe anayezurura akikila, anapata malengelenge kwenye nyama.

3. Binadamu naye akimeza mayai hayo, kwa mikono michafu, maji au mboga mbichi, malengelenge yanaweza kukaa kwenye ubongo. Hapo ndipo kifafa kinapoanzia.

Umeona? Kifafa hiki hakitoki kwenye sahani ya kitimoto moja kwa moja, kinatoka chooni. Jirani mwenye tegu anaweza kumuumiza asiyekula nguruwe. WHO wanasema kwenye maeneo yenye tegu huyu, hadi asilimia 30 ya wenye kifafa inaweza kuwa ni kwa sababu yake.

Sisemi yule kijana lazima ana tegu, kifafa kina sababu nyingi. Ila apelekwe hospitali, siyo kwa mganga.

Tufanye nini? Choo kiwepo na kitumike. Nguruwe wafugwe bandani. Nawa mikono kwa sabuni. Nyama ikaguliwe na iive mpaka ndani. Ukiona vipande vyeupe kwenye choo chako, muone daktari, usijinunulie dawa: kama una malengelenge kichwani, dawa ya tegu inaweza kukuletea degedege.

Mimi kitimoto sijaacha, ila sasa naagiza ikaangwe ikauke. Huko kwenu mmeshaziona punje hizo? Muuzaji aliwaambia nini? Tupieni maoni.