Wakili wa kununua shamba la majani chai

Anayenunua shamba Kericho au Bomet yafaa aajiri wakili wake mwenyewe, wala si yule wa muuzaji, na athibitishe kwa Chama cha Mawakili nchini (LSK) kwamba ana leseni ya mwaka huu. Amuulize kwanza ni nani atakayefuatilia idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Kisheria, ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Idhini isipotolewa, mauzo ya shamba ni batili hata kama fedha zimekwisha kulipwa. Dalali hawajibiki kwa hilo. Mkataba ueleze pia atakayepokea bonasi ya KTDA ya majani yaliyochumwa kabla ya mauzo, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakati wa malipo. Iwapo shamba ni mali ya ndoa, mwenzi wa muuzaji naye aridhie kwa maandishi.