Wekundu wa Tarbushi

Juma lililopita nililaumiwa nyumbani kwangu. Kanga niliyoileta kutoka sokoni ilichuja kwenye beseni, na shati langu jeupe likatoka na mabaka mekundu. Hapo nikaikumbuka tarbushi ya marehemu babu yangu, aliyoivaa sikukuu za Idi. Ilinyeshewa mara nyingi, isitoe hata tone la rangi. Siri yake ilikuwa nini?

Msikilizaji mpenzi, siri hiyo tuitafute Tunisia. Waislamu waliofukuzwa Hispania mwaka 1609 walifika Tunis na ujuzi wa kutengeneza kofia za sufu. Wanawake walifuma kofia kubwa, legelege. Kisha ilishindiliwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka ikanywea, nyuzi zikashikana zisionekane tena. Ndipo ikapelekwa mji wa Zaghouan, uliosifika kwa maji mazuri ya chemchemi, kutiwa rangi.

Wekundu wenyewe ulitoka kwa wadudu. Kwanza ni wale wa miti ya mialoni pande za Mediterania, baadaye kochinili, mdudu wa dungusi kutoka Mexico. Ratili moja ya rangi hiyo ilihitaji wadudu wakavu wapatao 70,000. Lakini rangi peke yake hainati. Sharti sufu ichemshwe na shabu, ile ile wanayoitumia vinyozi. Shabu huishika sufu kwa mkono mmoja, na rangi kwa mkono wa pili. Ikikosekana, rangi huondoka na maji.

Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 18, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Dawa hakuipata, alipata rangi ya zambarau. Kutoka hapo viwanda vya Ulaya vikaanza kupika rangi za kila aina kutokana na lami ya makaa ya mawe, kwa bei nafuu. Kazi ya wadudu ikafifia.

Wakati huo tarbushi ilikwisha kuwa vazi la serikali. Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili wa Uturuki aliwaamuru maofisa wake waivae. Ikawa alama ya heshima. Lakini nyingi zilizovaliwa Istanbul zilitengenezwa Austria!

Jambo hilo liliwauma Waturuki mwaka 1908, Austria ilipoitwaa Bosnia moja kwa moja. Watu walizivua tarbushi nyekundu barabarani, wakazichana, wakavaa kofia nyeupe za sufu zilizotengenezwa kwao. Wekundu waliouona kuwa ni fahari yao, kumbe ulikuwa ukimtajirisha aliyewanyang'anya jimbo. Miaka 17 baadaye, mwaka 1925, serikali ya Mustafa Kemal iliipiga tarbushi marufuku kabisa.

Mimi simlaumu sana mwuza kanga. Yeye naye huuza alicholetewa, na mimi mwenyewe sikuuliza kimetoka wapi wala kimetiwa rangi namna gani. Waturuki nao hawakuuliza mpaka walipoumizwa. Rangi inayochuja huharibu shati moja tu. Je, heshima yetu tunayoivaa mwilini, nani aliitia rangi, na faida yake inakwenda kwa nani?

Tukutane tena juma lijalo.