Filta, Mkonga na Vumbi la Mbinga

Injini ya petroli huvuta takriban lita 9,000 za hewa ili kuchoma lita moja tu ya mafuta. Kwenye barabara ya Songea kwenda Mbinga, na kutoka hapo kuteremka hadi Mbamba Bay, kwa miaka mingi hewa hiyo ilikuja na vumbi jekundu. Kwa hiyo historia ya vifaa vya kuingizia hewa katika magari ya huku ni zaidi historia ya kuilinda injini isiliwe na mchanga. Tamaa ya kuiongezea nguvu ilikuja baadaye sana.

Kabla ya malori, ufukweni mwa Ziwa Nyasa mizigo ilitegemea maji. Wajerumani walikuwa na meli ya Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliishambulia mwezi Agosti 1914 ikiwa Liuli, mahali palipoitwa wakati huo Sphinxhafen. Milimani mzigo ulikwenda kichwani. Lori lilipata kazi ya kudumu Umatengo, yaani milima ya Mbinga, baada ya kahawa kuingizwa katika miaka ya 1920 na kuenea. Kahawa ya arabika huvunwa kiangazi, basi magari yalisomba mazao katika miezi ileile ambayo barabara ilikuwa unga mtupu. Masika yalipoanza, vumbi liligeuka tope na safari zikapungua zenyewe.

Malori ya zamani, na Land Rover zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, yalivuta hewa kupitia filta ya oili. Hiyo ilikuwa kopo la bati lenye oili chini na nyuzi za chuma juu. Hewa iliingia, ikashuka hadi karibu na oili, kisha ikalazimika kugeuka ghafla kupanda juu. Chembe nzito zikashindwa kukata kona na kuzama. Nyuzi zilizolowa zilinasa zilizobaki. Kopo lilifunguliwa, oili iliyogeuka uji mweusi ikamwagwa, tope la chini likakwanguliwa, chombo kikaoshwa kwa mafuta ya taa na kujazwa tena hadi kwenye alama. Ikizidi alama, injini huinyonya. Ikipungua, vumbi hupita. Kazi ilikuwa chafu, lakini haikuhitaji spea yoyote, na hilo lilikuwa jambo kubwa mahali palipo mbali na bandari kama Mbinga.

Filta za karatasi zilipochukua nafasi yake, uchujaji uliboreka na utegemezi ukaongezeka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokaukiwa fedha za kigeni, filta mpya ilikuwa adimu kama tairi. Ile ya zamani iligongwagongwa kwenye bampa na kurudishwa. Vumbi la huku lina chembe ngumu za mchanga. Likipita, hukwangua ringi na kuta za silinda, na gari huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu.

Kulikuwa pia na suala la mwinuko. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kushindilia hewa) hupoteza hapo zaidi ya asilimia 10 ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam hutoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na moshi mweusi hufuata. Kung'oa filta ili gari "lipumue" hakusaidii hata kidogo, kwa sababu kilichopungua ni uzito wa hewa yenyewe.

Land Cruiser za hospitali, misheni na serikali zilileta jibu jingine kwa vumbi: mkonga, yaani bomba linalopanda pembeni mwa kioo hadi usawa wa paa. Wengi huufikiria kuwa kinga ya mito tu. Lakini huko juu vumbi la magurudumu ni haba, na hewa haijapashwa moto na injini. Katika msafara wa kiangazi faida hiyo ndiyo inayoonekana kila siku. Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, mgodi wilayani Mbinga ulioanza uzalishaji mwaka 2011, hufuata kanuni hiyohiyo kwa bomba refu nyuma ya kichwa, na tabo hufidia hewa nyepesi.

Lami ndiyo iliyobadili mambo. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga kilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa Changamoto za Milenia uliosainiwa mwaka 2008. Kile cha Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, kilifuata baadaye. Hapo ndipo bomba la hewa baridi, pambo la vijana wa Subaru wa Dar es Salaam na Nairobi, linapoanza kuwa na maana katika njia hii.

Fundi hutoa boksi la kiwandani, huhamisha sensa ya hewa kwenye bomba jipya, na kuiweka filta ya umbo la pia nyuma ya bampa au ndani ya fenda, mbali na joto. Hewa ya nyuzi 50 chini ya boneti ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 10 kuliko ya nyuzi 20, hivyo faida ipo, ingawa ndogo. Mlio ndio unaosikika zaidi. Filta ya pamba ikipakwa oili kupita kiasi, huchafua sensa na injini huyumba. Ikikaa chini mno na gari likaingia kwenye dimbwi, maji hufika kwenye silinda, na kwa kuwa hayakandamiziki, mkono wa pistoni hupinda. Magari yanayochepuka lamini kwenda mashambani kufuata kahawa yanafaa kubaki na boksi lake la kiwandani. Filta yake hupulizwa kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje, maana upepo wa kutoka nje huzidi kulisukumiza vumbi ndani ya karatasi.