Kilemba cha Jina: Je, Kusajili Kikoa ni Kumiliki Mali?

Mpangaji wa fremu Kariakoo hana ukuta wala paa lake. Lakini akitaka kuhama, anayeingia humpa kilemba, tena cha kutosha. Kinachouzwa pale ni nini? Swali hilo limewatoa jasho majaji kuhusu jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, ambayo siku hizi hulipiwa kwa muda na kumponyoka asiyelipa.

Kesi yenye utamu ni ya sex.com. Gary Kremen alilisajili jina hilo mwaka 1994, usajili ukiwa bado bure. Mwaka 1995 Stephen Cohen alimpelekea msajili, Network Solutions, barua ya kughushi: eti kampuni ya Kremen haina intaneti, hivyo inaomba isaidiwe kulifuta jina. Kampuni yenyewe iliitwa Online Classifieds! Msajili hakujisumbua kumuuliza Kremen. Jina likaenda kwa Cohen. Baadaye Cohen aliamriwa kulipa dola milioni 65, naye alikimbilia Mexico.

Kremen akamgeukia msajili. Dai la mkataba likagonga mwamba: hakuwa amelipa hata senti, kwa hiyo hapakuwa na mkataba wa kuvunjwa. Ikabaki hoja ya mali. Mwaka 2003 Jaji Alex Kozinski wa mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani aliikubali: jina lina mipaka inayojulikana, hushikwa na mmoja tu, na aliyelisajili ana haki ya kuwazuia wengine.

Jimbo la Virginia lilikuwa limekwenda njia nyingine mwaka 2000. Kampuni ya Umbro, katika kukaza hukumu yake, ilitaka majina 38 ya mdaiwa yakamatwe na kuuzwa. Mahakama ya Juu ya jimbo ilikataa: hiyo ni haki ya kupewa huduma chini ya mkataba, haikamatwi.

Virginia iliona sawa kwamba kuna mkataba. Ilipoteleza ni kudhani kwamba penye mkataba mali haipo. Kwa msajili mimi ni mpangaji, nisipolipa natoka. Lakini kwa mwizi, kodi yangu inamhusu nini? Sisi Watanzania jambo hili lisitushangaze. Ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na bado mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Asiye na udongo ana mali juu ya udongo.

Majaji wa Virginia walihofia kwamba wakikubali jina likamatwe, kesho mdai atataka kukamata hata malipo ya televisheni ya setilaiti. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama kungekuwa na mtu anayetoa kilemba ili arithi king'amuzi cha jirani kilicholipiwa mwezi mmoja.