Ultrasaundi ya Tezi za Mate

Mwambie mama wa makamo wa Tandika akapige ultrasaundi, atakuuliza: "Dokta, kwani nina mimba?" Mwambie mumewe kuwa tatizo liko kwenye tezi, naye atawaza tezi dume. Maneno haya mawili yana maana zake mitaani Temeke, kwa hiyo istilahi hii haina budi kutajwa yote: ultrasaundi ya tezi za mate.

Tezi kubwa za mate ni jozi tatu: za mbele ya masikio, za chini ya taya na za chini ya ulimi. Hizo za masikioni ndizo zinazovimba mtoto akiugua matumbwitumbwi. Katika ugonjwa wa Sjögren, unaoitwa kwa jina la daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, aliyeuandikia tasnifu mwaka 1933, kinga ya mwili huzigeukia tezi za mate na za machozi. Chembe nyeupe za damu hujazana humo, macho huchoma kama yana mchanga, na tonge la ugali halipiti kooni bila maji.

Vipimo vya picha viko kadhaa, na kila kimoja kina swali lake. Sialografia huangalia mifereji ya mate. Dawa inayoonekana kwenye eksirei huingizwa kwa mrija mwembamba kupitia tundu la ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Mifereji ikiharibika, dawa hutuama vitone vitone. Sintigrafia hupima utendaji. Mgonjwa huchomwa sindano ya teknetiamu, ambayo mionzi yake hupungua nusu kila saa 6. Kamera hutazama tezi zinavyoinyonya kutoka kwenye damu, kisha mgonjwa hupewa maji ya limau yamtoe mate. Tezi iliyochoka hainyonyi vizuri wala haitoi. Kipimo hiki huhitaji kitengo cha tiba ya nyuklia, na mgonjwa wa Temeke hukikuta Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Ultrasaundi huangalia umbile la tezi, bila mionzi wala sindano. Mashine ni ileile ya wajawazito, ila kifaa kinachopitishwa shingoni na chini ya sikio hutoa mawimbi ya masafa ya juu zaidi. Tezi nzima huonekana ya kijivu kilicholingana. Iliyoshambuliwa huwa na mabaka meusi. Wataalamu huipa daraja kuanzia 0, tezi ya kawaida, hadi 3, mabaka yameenea kote.

Hata hivyo, picha peke yake haitoi hukumu. Vigezo vya kimataifa vya ugonjwa wa Sjögren vya mwaka 2016 hutegemea kipimo cha damu, kinyama kinachokatwa ndani ya mdomo, hali ya macho na kiasi cha mate, ultrasaundi haimo. VVU navyo huvimbisha tezi za mbele ya masikio, na kinywa hukaushwa pia na baadhi ya dawa za mzio au tiba ya mionzi ya kichwa na shingo.

Kuiita ultrasaundi hii "picha ya mate" hakufai, maana kwa wengi kupiga picha ni kupiga eksirei, na kinachotazamwa si mate. Anayejaza fomu aandike istilahi kamili na kutaja tezi zipi, kisha amweleze mgonjwa kwamba kitakachopimwa ni shingo na taya, si tumbo.